Aibu ya Wote, Mzigo wa Maskini

Kila shule zifunguliwapo mwezi wa Januari, na kila majira ya mitihani yawadiapo, tuna desturi yetu sisi watu wa Kenya. Hutangazwa kwamba wasichana kadha wa kadha wamekutwa na mimba. Wakubwa wakaghadhibika, magazeti yakapiga mbiu, misikitini na makanisani yakatolewa maonyo makali. Simu hulaumiwa, filamu hulaumiwa, mavazi hulaumiwa, na kule magharibi hulaumiwa zile ngoma za usiku msibani ziitwazo disko matanga. Wiki mbili zikipita, kimya. Mwaka ukizunguka, twaanza upya.

Katika makelele yote hayo liko neno moja lisilotajwa, nalo ni mfuko. Mimba za watoto wetu si mvua, ambayo humnyeshea tajiri na fukara sawasawa. Zina njia zake na milango yake, na mlango zinaoujua zaidi ni wa nyumba isiyo na kitu. Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo. Mfano wangu nautoa Kitale na Bungoma, miji niliyoizuru kwa kazi hii ya kalamu, kwa sababu huko magharibi ndiko jambo hili lilikopimwa kwa mizani, si kwa uvumi.

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi asiseme kwamba huko ni mbali nasi. Misafara ya wazee wetu ilipita nchi hizo ikienda Buganda tangu karne ya kumi na tisa, na Mumias, jirani ya Bungoma, Uislamu ulishika mizizi zama za Nabongo Mumia. Reli yetu ilifika Kitale mwaka 1926. Tena mgeni atokaye pwani hushangaa kukuta kwamba mtaa mmoja wa maskini mjini Kitale waitwa Shimo la Tewa, jina lile lile la kwetu Mtwapa.

Kitale ni mji wa neema. Udongo wake ni mwekundu na mzito, na mahindi ya Trans Nzoia hulisha sehemu kubwa ya nchi. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa papo hapo mwaka 1956, na mkulima wa Kenya apandaye mahindi hana budi kulijua jina la Kitale. Lakini neema ile ina uzio. Ndani ya uzio mna mashamba makubwa yaliyorithiwa kutoka kwa walowezi. Nje yake mna mitaa ya Kipsongo, Tuwani na hiyo Shimo la Tewa, ambamo familia hupanga chumba kimoja, na mama huamka alfajiri kwenda kutafuta kibarua cha kupalilia au kufua nguo za watu. Kipsongo wamo Waturkana ambao wazee wao walifukuzwa kwao na ukame na wezi wa mifugo.

Hebu tuwatie katika mizani wasichana wawili wa mji huo, wote wa miaka kumi na sita. Mmoja ni binti wa mwenye shamba, asoma shule ya bweni. Wa pili ni wa Kipsongo, asoma shule ya kutwa na jioni humsaidia mamake kuuza mboga. Wote wawili ni wanadamu, wana damu ile ile na ujana ule ule, na Shetani hana ubaguzi. Tuseme wote wawili wameteleza. Nini hufuata?

Yule wa kwanza ana pesa za kuingia duka la dawa na kuomba vile vidonge ambavyo vijana wa Kenya huviita P2, navyo huuzwa bila maswali mengi. Asipopata hilo, yuko daktari wa faragha anayemjua mamake. Na mimba ikishika, yuko shangazi Nairobi atakayempokea, na shule nyingine itakayomchukua baadaye bila ya kuuliza. Jirani hatajua, na jina la baba litabaki safi.

Yule wa pili hana hata nauli. Huduma ya kupanga uzazi katika zahanati ya serikali inatakiwa iwe ya bure, lakini bure hiyo ina bei yake. Foleni ni ile moja ya mama wote wa mtaa, na dirishani huulizwa kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu: "Wewe mtoto wa nani? Umeolewa?" Akisikia hivyo huinamisha kichwa, akageuka na kurudi alikotoka. Miezi mitatu baadaye siri yake ni ya mtaa mzima. Shule huiacha, na mara nyingi haachi mimba tu kuwa sababu. Huwa ada ilikuwa haijalipwa tangu mwanzo. Kisha huozwa kwa haraka, au akabaki kwa mamake na kinywa kingine cha kulisha.

Huu si ushairi wangu. Mwaka 2022 serikali ilifanya uchunguzi wa afya ya jamii nchi nzima. Katika kila wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19, 15 walikuwa wamekwisha pata mimba. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulikuta 18, kwa hivyo nafuu ipo. Lakini tuangalie nani aliyepata nafuu. Katika nyumba za tajiri kabisa walikuwa 8 kwa mia, na katika nyumba za maskini kabisa 21. Miongoni mwa wasichana wasiosoma kabisa walikuwa 38 kwa mia. Miongoni mwa waliopita shule ya sekondari, 5. Huko Nyeri na Nyandarua hesabu ilikuwa 5 kwa mia. Pokot Magharibi, ambayo ukitoka Kitale kwa barabara ya Kapenguria hata saa moja haitimii, ilikuwa 36, na Samburu nusu nzima.

Basi namuuliza yule asemaye kwamba haya ni mambo ya tabia mbovu: je, wasichana wa Nyeri wana tabia njema mara saba kuliko wa Pokot? Je, uchaji Mungu hupanda kadiri mali inavyopanda? Sisi tuliosoma chuoni hatukufundishwa hivyo.

Sasa twende Bungoma, kwa sababu hapo ndipo penye somo lenyewe. Ukiteremka kutoka Kitale utapita Kimilili na Webuye, uone mashamba ya miwa na kile kiwanda cha karatasi kilichofunguliwa mwaka 1974 na kusimama mwaka 2009, kikawaacha watu wengi bila kazi. Katika nchi hiyo ya Wabukusu mvulana ana mwaka wake: kila mwaka ugawanyikao kwa mbili, mwezi wa Agosti, hutahiriwa, na wazee humketisha wakamfunza uanaume. Msichana hana siku kama hiyo. Hujifunza njiani.

Mwaka 2003, mwaka ambao Serikali ya Rais Kibaki ilifuta karo za shule za msingi, wataalamu walianza jaribio kubwa katika shule 328 za wilaya za Bungoma na Butere-Mumias, wakawafuata wanafunzi zaidi ya 19,000 kwa muda wa miaka saba. Shule ziligawanywa kwa kura. Katika baadhi, walimu walipewa mafunzo ya kufundisha somo la ukimwi kama lilivyo katika mtaala wa serikali, ambao mkazo wake ulikuwa ni kujizuia mpaka ndoa. Katika nyingine, wanafunzi wa madarasa ya juu walipewa sare za shule bure, kwani karo ilifutwa lakini sare haikufutwa, na mtoto asiye na sare hurudishwa nyumbani. Baadhi zilipata vyote viwili, na baadhi hazikupata kitu, ili zilinganishwe.

Matokeo yake yanafaa kusomwa na kila mzazi. Mafunzo ya walimu peke yake hayakupunguza mimba. Kilichobadilika ni kwamba aliyepata mimba alielekea zaidi kuwa ameolewa. Lakini sare, nguo yenye thamani ya kama dola 6, ilifanya kazi. Baada ya miaka mitatu, wasichana walioacha shule walipungua kutoka 19 kwa mia hadi 16, na waliopata mimba wakapungua kutoka 16 hadi 13. Hakuna aliyewahubiria wasichana hao zaidi ya wenzao. Walipewa sababu ya kubaki darasani, na aliye darasani ana kitu cha kupoteza.

Jaribio la pili lilikuwa dogo zaidi. Mwaka 2004, katika shule 71, wanafunzi wa darasa la nane walioneshwa filamu fupi na kuzungumziwa kwa muda usiozidi kipindi kimoja. Waliambiwa jambo ambalo mtaala haukulisema: kwamba wanaume watu wazima wana maambukizo ya ukimwi mengi kuliko vijana wa rika lao, na kwamba yule mwenye zawadi ndiye mwenye hatari kubwa zaidi. Mwaka mmoja baadaye, mimba katika shule hizo zilikuwa zimepungua kwa asilimia 28, na mimba za wanaume waliowazidi wasichana umri kwa miaka mingi zilipungua kwa zaidi ya nusu. Kumbe mtoto akiambiwa ukweli huutumia.

Yafaa pia niseme upande wa pili, maana mwenye kusema nusu ya habari ni mfano wa mwenye kusema uongo. Sare peke yake haikupunguza maradhi ya zinaa. Wataalamu walipima damu za vijana hao baada ya miaka saba, na penye sare bila mafunzo, maambukizo yalikuwa kama pasipo na kitu. Yalipopungua ni pale vilipokwenda vyote pamoja. Maana yake ni wazi: umaskini wahitaji dawa yake na ujinga wahitaji dawa yake.

Kwa nini nguo ya dola sita iwe na nguvu hivyo? Muulize mzazi yeyote wa Tuwani. Msichana aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya sare hukaa njiani. Njiani yuko mwenye bodaboda atakayempa lifti ya bure leo na kesho, na siku ya tatu bure ikakoma. Yuko mwenye duka mwenye kumpa sabuni na mafuta ya nywele. Yuko mtu mzima mwenye mke na watoto, ambaye huwapa sodo wasichana ambao baba zao hawana cha kununulia. Bunge lilipitisha sheria mwaka 2017 kwamba serikali igawe sodo bure kwa wanafunzi wa kike, na ni sheria njema. Lakini mtoto aliyeacha shule hayumo katika hesabu hiyo, naye ndiye mhitaji zaidi.

Najua nikifika hapa yuko msomaji ambaye amekunja uso. Atasema: huyu ataka watoto wetu wafundishwe zina na kupewa mipira. Basi tusikilizane kwa utaratibu.

Zina ni haramu, na hakuna Mwislamu mwenye kujadiliana juu ya hilo. Lakini kufundisha si kuruhusu. Chuoni tulifunzwa kitabu cha Safina tukiwa wadogo, na katika kurasa zake za mwanzo mna alama za kubaleghe, kisha mna janaba na hedhi na nifasi. Maalimu alisoma, nasi tukafuatiza, wavulana na wasichana, na hakuna aliyeharibika kwa kuyajua. Bibi Aisha, Mungu amuwie radhi, aliwasifu wanawake wa Ansari kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Na kule Bungoma, katika majaribio hayo hayo, wanafunzi waliopewa nafasi ya kujadiliana darasani juu ya kinga walizidi kuielewa na kuitumia, lakini hawakuzidi kusema kwamba wanafanya tendo lenyewe. Khofu yetu kwamba maneno huzaa vitendo haikupata ushahidi.

Jambo la pili: si kila mama wa miaka kumi na saba ni mzinzi. Wengi wao ni wake za watu, waliotolewa shuleni wakaolewa, ingawa sheria ya nchi yakataza ndoa kabla ya miaka kumi na minane. Hao nao huogopa kwenda zahanati, safari hii kwa kumwogopa mume na mama mkwe. Kwa watu wa ndoa mlango haukufungwa na dini. Jabir bin Abdullah amepokea kwamba masahaba walikuwa wakifanya azl zama za Mtume wala hawakukatazwa, na Imam Ghazali ameihesabu kuwa yajuzu. Mwili wa mtoto haujawa tayari kwa uzazi. Matatizo ya mimba na kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wasichana wa umri huo duniani, na waliosalimika wengine hubaki na nasuri, mkojo ukawatiririka na watu wakawakimbia. Kumkinga mke mdogo na hayo ni rehema.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Tukisema mtoto ameteleza, twasahau kuuliza aliteleza na nani. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 yasema aliye chini ya miaka kumi na minane hana ridhaa, na aliyemwingilia ana hatia. Lakini kesi ngapi hufika mahakamani? Wazee wa pande mbili huketi, mbuzi na shilingi elfu kadhaa zikapita mkono, na mambo yakaitwa yamekwisha. Baba maskini hukubali kwa sababu wakili ni ghali na kituo cha polisi ni mbali. Mwenye kosa hurudi kazini kwake, na mwenye kudhulumiwa huenda jikoni kwa mamake. Ikiwa dini yetu ni insafu, insafu iko wapi hapo?

Wala tusije tukadhani haya ni ya bara. Katika uchunguzi ule wa mwaka 2014, Kilifi ilikuwa na wasichana 22 kwa mia, zaidi ya wastani wa nchi. Sisi watu wa pwani tulikuwa na somo, yule mama mwenye hekima aliyekabidhiwa mwari avunjapo ungo, akamfunza usafi, heshima na siri za mwili wake. Leo somo huitwa siku tatu kabla ya harusi, kazi yake ikawa ni kupaka hina. Mtoto amekwisha funzwa na simu, na simu haina haya wala haina huruma.

Serikali nayo ina deni. Tangu mwaka 1994 kuna agizo kwamba msichana aliyejifungua arudi shuleni, na mwongozo mpya ulitolewa mwaka 2020. Agizo hilo walijua wakuu wa shule. Wazazi wa Kipsongo ni wangapi waliowahi kuambiwa? Na atakayemlea mtoto mchanga wakati mama yuko darasani ni nani? Afya iko mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013. Mwaka 2018 Mahakama Kuu huko Bungoma iliamuru mama mmoja alipwe shilingi milioni 2.5, kwa kuwa mwaka 2013 alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma na kufanyiwa ukatili na wauguzi. Ikiwa mtu mzima alitendwa hivyo, mtoto wa miaka kumi na mitano atazamie nini? Na tangu Januari 2025, Marekani ilipositisha misaada yake, imeonekana wazi jinsi tulivyotegemea mfuko wa watu wengine kwa dawa na vifaa vya uzazi. Vikipungua, mwenye pesa atanunua dukani. Asiye nazo ndiye atakayeambiwa vimekwisha.

Niliyaandika haya katika ubeti mmoja nilipokuwa njiani kurudi:

Msimpige kwa fito, asiyejua hatari,
Amevuka peke mto, pasi na wa kushauri,
Mwenye kumpa uzito, yu huru atafakhari,
Kosa si lake mtoto, ni la wakubwa dhahiri.

Basi yapo ambayo kila mmoja wetu aweza kuyafanya bila ya kungoja Nairobi. Kamati za misikiti hukusanya zaka na sadaka kila mwaka. Sehemu yake na inunue sare, sodo na viatu vya wasichana wa mtaa, kwa kuwa sasa twajua thamani ya nguo hiyo. Walimu wa madrasa na wazirudishe zile kurasa za Safina na kuzisomesha kwa lugha ya leo, wakaongeza habari ya maradhi na ya mtu mzima mwenye zawadi. Wauguzi na wawatengee vijana saa yao na mlango wao, na swali la "mtoto wa nani" liulizwe na polisi kwa mwanamume, si na zahanati kwa msichana. Na wazee waketio kupatanisha mbuzi, wajue kwamba wanauza amana ambayo si yao.

Januari nyingine yaja. Kabla haijafika, kila mwenye kusoma makala haya na atazame mtaani kwake ni msichana gani ambaye hana sare.